Jirani akipiga yowe: nchi zetu zinavyoshirikiana katika amani, ulinzi na usalama

Msikilizaji, kila taarifa ya habari inaposema wakuu wa nchi za SADC wamekutana kwa dharura, au mawaziri wa ulinzi wa Afrika Mashariki wako Arusha, maswali yanayofuata ni yale yale. Asasi ni kitu gani? Utatu ni akina nani? Na kwa nini kijana aliyezaliwa Balangdalalu, Basotu au Dongobesh avae kofia ya bluu au ya kijani na kwenda kulinda mji ulio ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambao mama yake hajawahi hata kuusikia? Tumeona tuyaandike majibu mahali pamoja, uyasome kwenye simu kwa wakati wako.

Tuanze na jambo ambalo kila mfugaji wa Hanang na Mbulu analijua. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe linapigwa na watu wanafuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha pili, wenyeji wa kijiji hicho wanazipokea na kuzifuata mpaka zitoke kwenye ardhi yao. Zisipotoka, wao ndio wenye swali la kujibu. Hakuna aliyewaandikia mkataba, lakini kila mtu anajua wajibu wake, kwa sababu kesho yowe litapigwa kwake.

Kati ya nchi na nchi mambo si mepesi hivyo. Nyayo zikifika mpakani, polisi wa Tanzania anasimama. Hawezi kuingia Kenya au Msumbiji na bunduki yake kana kwamba anavuka korongo. Akiingia bila ruhusa, hata kama anamfuata mwizi, huo unaweza kuitwa uvamizi. Ndiyo maana nchi zinahitaji karatasi: mkataba, itifaki, hati ya makubaliano. Zinaeleza nani apigiwe simu, nani anaruhusiwa kuvuka, na nani anatoa amri baada ya kuvuka.

Sisi pia tuliwahi kuomba msaada

Wengi wetu tumezoea kusikia Tanzania ikisaidia wengine. Tusisahau kwamba Tanganyika iliomba msaada kabla haijautoa. Januari 1964 askari wa jeshi lililoachwa na wakoloni waliasi Dar es Salaam, na uasi ukafika kambi nyingine. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza, waliokuwa wameondoka miaka miwili tu kabla, waje kuuzima. Jambo hilo lilimuumiza, na Februari mwaka huohuo mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam kulijadili. Wanajeshi wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya linaundwa. Jeshi hilo jipya ndilo JWTZ, lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Kwa hiyo kabla JWTZ haijasimama, ulinzi wetu ulishikiliwa kwa muda na ndugu wa Kiafrika.

Baada ya hapo Tanzania ikageuka kuwa nyumba ya wapigania uhuru. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Kongwa, ambako leo wengi wanakujua kwa mifugo, kulikuwa na kambi za wapiganaji wa kusini mwa Afrika. FRELIMO ya Msumbiji ilifanya mazoezi Nachingwea. Katikati ya miaka ya 1970 Tanzania, Zambia, Botswana, Msumbiji na Angola zikawa kundi lililoitwa Nchi za Mstari wa Mbele, na Nyerere akawa mwenyekiti wake. Zimbabwe iliingia ilipopata uhuru mwaka 1980. Kundi hilo halikuwa na jengo wala sekretarieti. Marais walikutana, wakazungumza, na wakuu wa majeshi na usalama wao wakakutana pembeni. Ukitaka kujua ushirikiano wa leo wa SADC ulitoka wapi, ulitoka hapo.

Kuna mwaka mwingine wa kukumbuka: 1978. Idi Amin alipoingiza majeshi yake Kagera mwezi Oktoba, hapakuwa na mkataba wowote wa kulindana uliowalazimisha majirani kuja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa imevunjika mwaka uliotangulia. Tanzania ilipigana pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, Kampala ikaangushwa Aprili 1979, na gharama ya vita tukaibeba karibu peke yetu. Wazee wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka iliyofuata wanajua gharama hiyo ilivyoonja.

Asasi ya SADC na ugomvi uliokaribia kuiua

SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilianza mwaka 1980 Lusaka kwa jina jingine, ikachukua sura yake ya sasa kwa mkataba uliosainiwa Windhoek, Namibia, Agosti 1992. Makao makuu yako Gaborone, Botswana. Leo ina wanachama 16, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi tangu mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019.

Mwaka 1996 wakuu wa nchi walianzisha chombo kilichoitwa Asasi ya Ushirikiano wa Siasa, Ulinzi na Usalama. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Robert Mugabe wa Zimbabwe. Mwenyekiti wa SADC yenyewe mwaka huo akawa Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mugabe alitaka Asasi ijitegemee, kama ilivyokuwa Mstari wa Mbele. Mandela alitaka iwe chini ya Mkutano Mkuu wa wakuu wa nchi wote. Ni kama kijiji chenye mwenyekiti wa serikali ya kijiji na kamanda wa sungusungu, na kamanda anasema hawajibiki kwa mwenyekiti.

Agosti 1998 ugomvi huo ukatoka mezani ukaingia vitani. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilishambuliwa na waasi waliosaidiwa na Rwanda na Uganda. Zimbabwe, Angola na Namibia zikapeleka majeshi kumsaidia Kabila na kusema zinafanya hivyo kwa jina la SADC. Afrika Kusini haikukubaliana na njia hiyo. Mwezi uliofuata Afrika Kusini nayo, pamoja na Botswana, ikaingiza askari Lesotho kuzuia serikali isipinduliwe, na yenyewe ikasema ni kwa jina la SADC. Jumuiya moja, vita viwili, na hakuna kikao kimoja cha wote kilichokuwa kimetoa ruhusa mapema.

Tunakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu sheria zote zilizokuja baadaye ni majibu yake. Agosti 2001, mjini Blantyre, Malawi, wakuu wa nchi walisaini itifaki mpya ya Asasi. Iliiweka Asasi chini ya Mkutano Mkuu. Ilisema uenyekiti uzunguke kila mwaka, na mtu aliye mwenyekiti wa Asasi asiwe wakati huohuo mwenyekiti wa SADC. Ikaunda pia ule Utatu mnaousikia redioni: mwenyekiti wa sasa, anayekuja na aliyetoka. Watatu hawa ndio wanaoitwa kwanza yowe likipigwa, kwa sababu kuwakusanya wakuu wa nchi 16 kwa siku mbili ni kazi ngumu kuliko kuwakusanya watatu.

Chini yao kuna kamati ya mawaziri, na chini ya mawaziri kuna kamati mbili zinazofanya kazi ya kila siku. Moja ni ya siasa na diplomasia. Nyingine, ya zamani zaidi, ni ya ulinzi na usalama, iliyorithiwa kutoka Mstari wa Mbele, na humo hukutana watu wa majeshi, polisi na usalama wa taifa. Tanzania imeshika uenyekiti wa Asasi mara kadhaa. Rais Jakaya Kikwete alikuwa nao kuanzia Agosti 2012, Rais John Magufuli kuanzia Agosti 2016, na Rais Samia Suluhu Hassan kuanzia Agosti 2024.

Mkataba wa Dar es Salaam unasema nini hasa

Tarehe 26 Agosti 2003 nchi za SADC zilisaini mkataba wa kulindana jijini Dar es Salaam. Watu wengi hudhani mkataba huo unasema kwamba nchi moja ikipigwa, zote zinaingia vitani siku hiyohiyo. Ukiusoma, si hivyo kabisa.

Unasema shambulio la silaha dhidi ya nchi mwanachama ni tishio kwa usalama wa eneo zima na litajibiwa kwa pamoja. Hapo ni kweli. Lakini unaendelea kusema hatua hiyo ya pamoja lazima iidhinishwe na Mkutano Mkuu kwa mapendekezo ya Asasi, na kila nchi itashiriki kwa namna inayoona inafaa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Nchi moja inaweza kutoa kikosi cha miguu, nyingine ndege, nyingine dawa, na nyingine ikatoa tamko tu. Hata NATO, ule muungano mkubwa wa Ulaya na Marekani, kifungu chake maarufu cha kulindana kina nafasi ya aina hiyo.

Mkataba unakataza pia nchi kulea watu wanaotaka kuipindua serikali ya jirani. Na itifaki ya 2001 inasema nguvu za kijeshi ni njia ya mwisho, baada ya usuluhishi kushindikana, na kwa idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kwa ufupi, SADC haina jeshi lililokaa kambini likisubiri. Ina kikosi cha dharura kilichozinduliwa Lusaka mwaka 2007, lakini askari wake wanakaa kwenye nchi zao mpaka waitwe. Kuna kituo cha kuwafundisha pamoja, Harare.

Kikosi hicho si cha vita pekee. Maafa nayo yamo kwenye majukumu yake. Waliokuwa Katesh Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika nyumba na soko, waliona kwa macho yao kazi ya mwanajeshi mwenye koleo. Mawazo ni yale yale, ila kwa ukubwa wa nchi kadhaa.

Arusha nayo

Tanzania ina mguu mwingine kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mkataba huo una ibara mbili za mambo haya: ya 124 ya amani na usalama, na ya 125 ya ulinzi. Mwaka 2012 ilisainiwa itifaki ya ushirikiano wa ulinzi, na Februari 2013 itifaki ya amani na usalama. Majeshi hufanya mazoezi ya pamoja yanayoitwa Ushirikiano Imara, na kila nchi ina ofisa wake wa jeshi anayekaa makao makuu Arusha.

Jambo moja halikuingia: ahadi ya kulindana kama ile ya SADC. Itifaki ya 2012 iliiacha ijadiliwe baadaye. Februari 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikasaini mkataba wao wa kulindana Kampala, bila Tanzania na Burundi. Wakati ule watu waliona kama tumetengwa. Kwa maoni yetu, nchi iliyokwisha kuahidi kulindana na upande wa kusini ilikuwa na haki ya kufikiri mara mbili kabla ya kuahidi tena upande wa kaskazini. Congo ndiyo inayoonyesha kwa nini.

Congo: jumuiya mbili, kidonda kimoja

Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Congo. Umoja wa Mataifa ulikuwa na maelfu ya askari nchini humo lakini mji ulianguka. Nchi za Maziwa Makuu na SADC zikasema zitapeleka kikosi chao. Baada ya mazungumzo, kikosi hicho kikawekwa chini ya Umoja wa Mataifa. Azimio la Baraza la Usalama namba 2098 la tarehe 28 Machi 2013 liliunda brigedi ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kuipa ruhusa ambayo walinda amani hawakuzoea kupewa: kuyafuata makundi ya waasi na kuyanyang'anya silaha. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huohuo M23 walishindwa.

Kazi haikuisha hapo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, huko Beni, ilishambuliwa usiku na kundi la ADF. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Lilikuwa mojawapo ya mashambulio mabaya zaidi kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi. Miili ilirudi Dar es Salaam, na kutoka pale ikaenda mikoani, kwenye vijiji kama vyetu.

Mwishoni mwa 2021 M23 walirudi. Mwaka uliofuata Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, huku ikibaki SADC. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawahi: Novemba 2022 ikapeleka kikosi chenye askari wa Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Tanzania haikupeleka askari katika kikosi hicho. Serikali ya Kinshasa ilitaka kikosi kipigane na M23. Waliotuma kikosi walisema kazi yake ni kukaa katikati ya pande mbili. Baada ya mwaka mmoja Congo ilikataa kuongeza muda, na Desemba 2023 kikosi kikaondoka.

Mwezi huohuo wa Desemba 2023 kikaingia kikosi cha SADC, kilichoidhinishwa Windhoek mwezi Mei, chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Hiki kilikubali kupigana upande wa serikali.

Sasa tazama hali ilivyokuwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao kwamba Rwanda inawasaidia M23, kwa silaha na hata kwa askari. Rwanda imekuwa ikikanusha na kusema inajilinda dhidi ya kundi la FDLR, ambalo ndani yake wamo waliohusika na mauaji ya kimbari ya 1994. Rwanda ni mwenzetu katika Afrika Mashariki. Malori yake yanapita barabara zetu kwenda na kutoka bandari ya Dar es Salaam. Na Congo ni mwenzetu katika jumuiya zote mbili. Mtanzania aliyekaa kwenye mahandaki karibu na Sake alikuwa, kwa karatasi za SADC, analinda mwanachama mwenzake, na kwa karatasi za Arusha, yuko kwenye vita vinavyomgusa mwanachama mwenzake mwingine. Hata maneno tu yanaweza kuumiza katika hali hiyo: Mei 2013 Rais Kikwete aliposhauri Rwanda izungumze na FDLR, uhusiano wa nchi zetu mbili ulipoa kwa muda mrefu.

Tarehe 27 Januari 2025 Goma ikaanguka tena. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika siku hizo, baadhi chini ya SADC na baadhi chini ya Umoja wa Mataifa. Malawi nayo ilizika. JWTZ ilitangaza vifo vya askari wake wawili. Waliobaki walikaa kambini ndani ya eneo lililoshikwa na M23.

Tarehe 8 Februari 2025 likafanyika jambo ambalo halikuwahi kufanyika: wakuu wa Afrika Mashariki na wa SADC walikutana kikao kimoja, Dar es Salaam. Waliagiza vita visimame na wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Wakaunganisha pia njia mbili za mazungumzo zilizokuwa zikienda sambamba, ya Nairobi na ya Luanda. Baadaye waliteua marais wastaafu kusuluhisha, wakiwemo Uhuru Kenyatta wa Kenya na Olusegun Obasanjo wa Nigeria. Tarehe 13 Machi SADC ilikatisha kazi ya kikosi chake. Kuanzia mwisho wa Aprili askari na magari yao walitoka kupitia Rwanda, nchi ileile, na kuingia Tanzania hadi Chato. Juni 27 Congo na Rwanda zilisaini makubaliano, lakini mjini Washington, mbele ya Wamarekani, huku mazungumzo ya Congo na M23 yakisimamiwa na Qatar.

Msikilizaji anaweza kuuliza: basi vikao vyetu vilisaidia nini? Tunaliona swali hilo kuwa la haki. Kikosi cha SADC kilikwenda kikiwa na watu wachache, bila ndege za kutosha, dhidi ya adui mwenye silaha nzito. Kwa upande mwingine, bila kikao cha Februari, nchi za jumuiya mbili zingeweza kuendelea kuvutana kama zile za 1998. Kigoma wanakumbuka vita vile kwa idadi ya wakimbizi waliovuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu bado ipo.

Kusini, kando ya Ruvuma

Msumbiji ni habari nyingine, na kwa kiasi fulani yenye matokeo bora. Oktoba 2017 wapiganaji wenye siasa kali walishambulia mji wa Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado. Kwa miaka mitatu Maputo ilisema italimaliza yenyewe. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Mto Ruvuma na kuvamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Hapo nyayo zikawa zimeingia kwetu. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi mbili walikutana Mtwara na kukubaliana operesheni za pamoja, pamoja na kukabidhiana watuhumiwa zaidi ya 500. Huo ni ushirikiano wa nchi mbili, usiongoja kikao cha wakuu wa nchi 16, na mara nyingi ndio unaofika mapema.

Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, karibu na mradi mkubwa wa gesi, na dunia ikaamka. Juni SADC iliidhinisha kikosi, na Julai 15 kikaanza kazi. Rwanda, ambayo si mwanachama wa SADC, ilikuwa imefika siku chache kabla kwa makubaliano yake yenyewe na Msumbiji. Askari wa Tanzania walipewa eneo la Nangade, ng'ambo tu ya mto. Miji iliyokuwa imetekwa ilirudishwa na watu wengi wakarejea makwao. Kikosi cha SADC kilifunga kazi Julai 2024, kwa sehemu kubwa kwa sababu fedha zilikuwa ngumu. Mashambulio hayajakoma kabisa.

Ng'ombe na bunduki

Si kila ushirikiano ni wa majeshi. Unaowagusa wafugaji zaidi ni wa polisi. Wakuu wa polisi wa mashariki mwa Afrika wana umoja wao tangu 1998, unaojulikana kwa kifupi EAPCCO, na ofisi yake iko Nairobi kwenye jengo moja na Interpol. Kusini kuna wa kwao, wa tangu 1995. Mwaka 2008 umoja wa mashariki uliandaa itifaki ya kuzuia wizi wa mifugo, na inaitwa kwa neno letu wenyewe: Itifaki ya Mifugo. Inataka nchi zitambue mifugo kwa alama, zibadilishane taarifa za wezi na kurudisha mifugo inayokamatwa ng'ambo ya mpaka. Hereni ya ng'ombe, ambayo wengine wetu tuliilalamikia kama usumbufu, ina kazi hapo: ng'ombe asiye na alama, akikamatwa mnadani mbali na kwao, hana wa kumdai.

Bunduki nazo zina mkataba. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuziwekea alama silaha ndogo, kuziandikisha na kuteketeza zile haramu. Silaha iliyotoka kwenye vita vya jirani haiozi. Inauzwa, inavuka mpaka, na siku moja inakutana na mfugaji njiani akirudi kutoka mnadani. Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015.

Nani anaamua, nani analipa

Katiba yetu, ibara ya 44, inasema Rais anaweza kutangaza hali ya vita, na Bunge liitwe ndani ya siku 14 kuamua kama linaunga mkono. Kupeleka askari kulinda amani hakuhesabiwi kuwa kutangaza vita. Uamuzi huo hufanywa na Rais kama Amiri Jeshi Mkuu, na wabunge huusikia zaidi wakati wa bajeti ya Wizara ya Ulinzi na maswali bungeni. Sisi tunadhani ingefaa wasikie mapema zaidi, lakini hilo ni la wabunge wenyewe kulidai, na la wewe kumuuliza wako akija kijijini.

Malipo yanategemea kofia. Askari akiwa chini ya Umoja wa Mataifa, Umoja huo huirudishia serikali yake zaidi ya dola 1,400 kwa kila askari kwa mwezi, na serikali ndiyo inayomlipa askari. Akiwa chini ya SADC, gharama zinatoka kwenye michango ya nchi zenyewe. Ndiyo maana vikosi vya SADC huwa vya muda mfupi na vyenye vifaa haba.

La mwisho, na tunaliandika kwa sababu vijana wamekuwa wakiliuliza. SADC haiajiri askari. Jumuiya ya Afrika Mashariki haiajiri askari. Umoja wa Mataifa haupigi simu Hanang kutafuta walinda amani. Anayekwenda ni mwanajeshi au polisi ambaye tayari yuko kazini, na anachaguliwa na jeshi lake. Njia ya kuingia JWTZ ni tangazo la jeshi lenyewe, na mara nyingi wanaoitwa ni waliokwisha kupitia JKT. Fomu haiuzwi. Mtu akikupigia akisema ana nafasi za kwenda Congo na anataka utume fedha ya usaili kwa simu, ihifadhi namba yake na uipeleke kituo cha polisi Katesh, au kwa mtendaji wa kata kama Katesh ni mbali.